Kurekebisha klachi ya Boxer kwa milima ya Sebei

Vijana wa steji ya boda wakiniletea pikipiki ya Boxer hapa Kapchorwa, kwenye milima ya Sebei mashariki mwa Uganda, huwa wameshajihukumia: "Fundi, klachi imekwisha, weka pleti mpya." Pleti ni zile sahani za ndani ya klachi zinazobanana ili nguvu ya injini ifike kwenye gurudumu. Sifungui injini. Nashika leva ya klachi kwenye usukani kwa vidole viwili na kuivuta polepole hadi pale waya inapoanza kukaza. Hicho kipande cha mwanzo ambacho leva inakwenda bila kuvuta kitu ndicho kitakachoniambia tatizo liko wapi, na mara nyingi halihitaji hata senti ya spea.

Leva ni lazima iwe na ulegevu kidogo. Pima kwenye ncha yake, injini ikiwa baridi. Kwa pikipiki ndogo hizi, milimita 10 hadi 15 hunifaa. Ikikosa ulegevu kabisa, waya inasukuma klachi muda wote, pleti hazibanani sawasawa, na ukiwa na gunia la kahawa nyuma kwenye mpando wa Sipi pikipiki inalia tu bila kwenda. Ulegevu ukizidi, klachi haiachii yote: gia zinaingia kwa kelele, nyutro inakataa kupatikana, na pikipiki inajivuta mbele umesimama.

Uangalie pia ulegevu unaelekea wapi, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapotupa pesa. Waya ikivutika kwa kuzeeka, ulegevu unaongezeka. Pleti zikilika, ulegevu unapungua. Kwa hiyo mtu akiniambia amekuwa akilegeza waya kila baada ya siku chache na leva bado inakaza, hapo nakubali pleti zinalika. Akiniambia anakaza kila mara, naangalia waya kwanza, hasa pale inapoingia kwenye leva, maana nyuzi huanza kukatika hapo moja moja.

Kurekebisha kwenyewe ni hivi. Juu kwenye usukani kuna skrubu ya kurekebishia na nati yake ya kufungia. Legeza nati, ingiza skrubu karibu yote ndani, ubakishe mizunguko miwili mitatu. Kisha shuka chini kwenye injini waya inapoishia, fanya marekebisho makubwa pale mpaka ulegevu ukaribie sawa, ufunge nati. Malizia juu. Ukimaliza nafasi yote ya juu kwanza, siku utakapokuwa njiani Bukwo mvua imenyesha hutakuwa na pa kugusa bila spana. Kabla ya kufunga, geuza usukani kulia hadi mwisho, halafu kushoto. Ulegevu ukibadilika, waya imepita pabaya au imebanwa, ipange upya. Ikiwa nzito, dondoshea oili nyepesi ndani ya ganda lake mpaka itokee upande wa pili. Matope yetu ya msimu wa mvua yanaingia kila mahali.

Sasa ipande mlima na mzigo wako wa kawaida, wala si tupu. Injini ikishapata moto, pima tena, kwani joto hubadilisha ulegevu. Kisha ukipata sehemu tambarare, weka gia ya tatu, mwendo wa kati, ufungue mafuta yote kwa mkupuo. Mlio ukipanda na mwendo ukabaki palepale, klachi inateleza kweli.

Hata hapo bado sijafika kwenye pleti. Nauliza oili. Klachi ya Boxer inaishi ndani ya oili ileile ya injini, na oili za magari madogo za kisasa nyingi zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano. Dawa hiyo inafaa injini ya gari, lakini pleti zako zinaishi kwa msuguano. Tafuta oili ya pikipiki yenye uzito wa 20W-50, na kwenye chupa yaandikwe JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi inayoishi ndani ya oili. Nimeona klachi zilizosemekana zimekufa zikirudi kazini baada ya kumwaga oili ya gari na kuweka inayostahili.

Ikibidi kufungua, laza pikipiki upande wa kushoto au mwaga oili, toa kifuniko cha kulia. Boliti za springi zilegeze kwa mshazari, kidogo kidogo. Pleti za chuma zilaze juu ya kioo: ikicheza, imepinda, itupwe. Zilizogeuka buluu zimeungua. Springi zisimamishe pembeni ya mpya. Zikiwa fupi badilisha zote kwa pamoja. Pleti mpya zenye msuguano ziloweke kwenye oili usiku kucha kabla ya kufunga. Kuna mafundi wanaoweka washa, vile vipete bapa vya chuma, chini ya springi ili zibane zaidi. Siipendi kazi hiyo hata kidogo: leva inakuwa nzito, waya inakatika mapema, na mwendesha boda anayeshika klachi kutwa anaumwa mkono.

Ninachopendekeza badala yake kwa anayeishi mtelemkoni ni sproketi ndogo ya mbele, yaani gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Ukitoka meno 14 kwenda 13, nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu inaongezeka kwa karibu asilimia 8, na mwendo unapungua karibu asilimia 7. Pikipiki inaondoka bila wewe kuichelewesha klachi nusunusu, na ile nusunusu ndiyo inayochoma pleti. Kwa anayeshinda kwenye lami ya Mbale sishauri. Atalalamika injini inalia sana.

Tena hewa ya huku ni nyepesi. Kwenye kimo cha mita 2,000 shinikizo lake ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, kwa hiyo mchanganyiko wa kabureta unazidi petroli, injini inadhoofu, na dereva anafidia kwa kucheza na klachi. Plagi ikiwa nyeusi yenye masizi, safisha chujio la hewa na rekebisha kabureta kabla hujailaumu klachi. Na ukisubiri abiria kwenye mpando, shikilia breki ya mguu. Ndugu zangu, msishikilie pikipiki kwa klachi.

Pleti mpya zikishafungwa, siku chache za kwanza beba abiria mmoja na uondoke taratibu. Zikishakaa, ulegevu utapungua kidogo. Rudi kwenye ile skrubu ya juu, urudishe milimita zako, ndipo upakie magunia.