Sato wakijisugua, angalia mashavu kabla ya kununua dawa

Simu za wafugaji huanza saa kumi na mbili asubuhi. "Bwana samaki, sato wangu wanarukaruka na kujisugua kwenye wavu. Nimwage dawa gani?" Jibu langu halijabadilika miaka yote: usimwage kitu. Nitengee samaki watano wanaoumwa, wawe hai, nakuja.

Hilo la kuwa hai nalisisitiza mpaka nachosha. Vimelea wa ngozi na mashavu (matamvua anayopumulia) humkimbia samaki saa chache baada ya kufa, na wanaobaki ni bakteria na ukungu waliokuja kula msiba. Wapo wanaoniletea samaki aliyekwisha kukakamaa, katoka Kayenze kwenye mfuko wa plastiki, juu ya bodaboda, jua linawaka. Huyo namtazama kwa kumheshimu mwenye samaki tu.

Kabla ya yote, ondoa kwanza shaka ya hewa. Samaki wakipanda juu alfajiri kundi zima, vinywa wazi, wakubwa wakatangulia kufa, na jua likichomoza waliobaki wakatulia, hiyo ni oksijeni. Huku Ziwa Victoria upepo nao huweza kupandisha maji ya chini yasiyo na hewa, na kizimba kizima (wavu wa kufugia samaki ndani ya ziwa) kikafa kwa asubuhi moja. Vimelea hawaui kwa kishindo namna hiyo. Leo wanakufa watatu, kesho watano, chakula kinabaki kinaelea, samaki wanakuwa weusi, wanajitenga pembeni, mapezi wameyabana mwilini.

Juzi nilikuwa kwenye vizimba vya kijana mmoja upande wa Luchelele. Tulimtoa sato wa gramu kama 60, nikamshika kwa kitambaa kilicholowa. Kwa ukingo wa kioo cha hadubini nilikwangua ute taratibu, kuanzia nyuma ya pezi la kifuani kwenda mkiani, nikadondosha tone la maji ya hapohapo ziwani, nikafunika kwa kile kioo chembamba. Maji ya bomba usiyatumie, klorini yake itaua unachokitafuta. Kisha nikamuua samaki haraka, nikainua kifuniko cha shavu. Shavu lenye afya huwa jekundu kama damu mbichi. Hili lilikuwa limepauka, limejaa ute kama uji mwembamba. Nikakata kipande kidogo cha nyuzi zake nacho nikakiweka kwenye kioo.

Ukikuza mara 40 unaona vitu vinakimbia. Ukikuza mara 100 unawatambua. Nikampisha kijana achungulie, akakaa kimya kidogo, akasema: "Kumbe wako kama ringi za baiskeli!" Sijasikia maelezo bora ya trikodina, kimelea mdogo wa ngozi na mashavu, kuliko hayo: mduara, ndani yake duara la meno, unazunguka bila kuchoka.

Trikodina mmoja mmoja wapo karibu kila mahali penye samaki, na hawana shida. Wakijaa kwenye kioo mpaka huwezi kuwahesabu, usiwalaumu wao. Wanakula bakteria na uchafu, kwa hiyo wingi wao ni taarifa ya maji yako. Tulipoinua wavu wa kijana yule ulikuwa mzito, matundu yameziba kwa mwani wa kijani, maji hayapiti. Na samaki aliowaweka walizidi alichoshauriwa, kwa kuwa muuza vifaranga alimpa nyongeza ya bure. Tiba ya kwanza ikawa kubadilisha wavu, kupunguza samaki na kusimamisha chakula siku moja. Chumvi ilifuata baadaye.

Ukiona mnyoo mdogo unaojinyoosha na kujikunja huku umejishikiza kwa kulabu za nyuma, hao ni minyoo wa mashavu na ngozi. Wa ngozi huzaa watoto hai, wa mashavu kwa kawaida hutaga mayai, na yai halisikii dawa. Ndiyo maana mfugaji anatibu Jumatatu, anafurahi, na baada ya wiki mbili anaapa kwamba dawa ilikuwa feki. Haikuwa feki, hakurudia. Madoa meupe mfano wa chembe za chumvi yana hila kama hiyo: kimelea akiwa chini ya ngozi dawa haimfikii. Anapatikana akishatoka na kujigawa kwa mamia kule majini, na kwa joto la maji yetu mzunguko huo ni wa siku chache tu. Basi rudia kila baada ya siku mbili au tatu, mara tatu au nne.

Chawa wa samaki hahitaji hadubini. Ni bapa, mviringo, ana milimita kati ya 5 na 10, anateleza juu ya magamba. Mbandue kwa kibano. Mayai yake huyapanga kwa mistari kwenye nguzo, mbao na nyavu, kwa hiyo wavu uliotolewa majini uanikwe juani mpaka ukauke kabisa.

Sasa chumvi. Kwa vimelea wa nje walio wadogo, naiamini kuliko vichupa vingi vya dukani. Tumia gramu 10 kwa kila lita, yaani gramu 200 kwenye ndoo ya lita 20, au kilo 2 kwenye pipa la lita 200. Waogeshe nusu saa huku hewa ikiingia, na usiondoke hapo. Samaki akianza kulala ubavu, mtoe mara moja, hata kama saa yako haijafika. Pima kwa mizani, achana na viganja. Wajaribu samaki watano kwanza, na kundi lisile chakula siku moja kabla.

Fomalini, ile kemikali kali ya kuhifadhia maiti, inafanya kazi, nami nina sababu ya kuiheshimu. Mwaka wangu wa pili wa kufuga, kabla sijaenda chuo, niliimwaga bwawani jioni, kwa kukadiria. Inapunguza oksijeni majini, na usiku mwani nao unaitumia. Asubuhi nilitumia kokoro kukusanya mizoga. Kwa bwawa kiwango ni mililita 25 kwa lita 1,000 za maji, mchana, hewa ikisukumwa, na glavu na barakoa zikiwa mwilini. Ikiwa na mashapo meupe chini ya chupa usiitumie. Na usiichanganye kamwe na pamanganeti, ile dawa ya zambarau: inachemka na kutoa mvuke mbaya. Hata hivyo usianze peke yako, ongea na afisa uvuvi wa halmashauri yako. Mwanza tuna bahati ya kuwa na kituo cha TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) na chuo cha FETA (wakala wa mafunzo ya uvuvi) pale Nyegezi. Malakaiti kijani, dawa ya rangi, hata ukiuziwa kwa bei ya nyanya, haifai kwa samaki wa kuliwa. Vile vidonge vya kichocho vinavyogawiwa shuleni navyo viache wapewe watoto.

Mwenye kizimba asimwage dawa yoyote ziwani. Haitatulia kwenye kizimba chako, na mita chache kutoka hapo kuna mtu anachota maji ya kupikia. Hamishia samaki kwenye tanki au turubai lililotandikwa ndani ya mtumbwi mpana, watibu humo, na maji yenye dawa yarudi nchi kavu, mbali na ufukwe.

Kuna mmoja ambaye sina dawa yake: funza wa njano. Unampasua sato, unakuta vifuko vya njano chini ya ngozi au karibu na mashavu, mnyoo ndani anacheza. Mara nyingi samaki mwenyewe hajali. Anayejali ni mteja. Mama mmoja muuza samaki alirudishiwa ndoo nzima, na kosa halikuwa lake. Mnyoo huyu hukomaa kwenye koo la korongo na ndege wenzake wala samaki, mayai yakaangukia majini, yakapita kwa konokono, ndipo yakamfikia sato. Samaki akiiva vizuri mnyoo anakufa, ila nani atanunua akishamwona? Unachoweza ni kukata mnyororo. Funika bwawa kwa wavu wa ndege, fyeka majani ya ukingoni wanakojificha konokono, na vaa buti unapofyeka, kwani konokono wa majani hayohayo ndio wanaotupa kichocho.

Vifaranga wapya wakae wiki mbili kwenye hapa (kizimba kidogo cha wavu laini) au tanki lao, wakitumia ndoo zao na wavu wao wa mkono. Kijana wa Luchelele aliniuliza kama wiki moja haitoshi. Nikamwomba daftari lake la vifo. Wa kwanza walikufa siku ya tisa tangu vifaranga washushwe, na siku hiyo walikuwa wameshachanganywa na wakubwa.