Kabla ya Kuovakloki Kompyuta Lamu: Mambo ya Kuzingatia

Kaskazi inapokolea, kati ya Januari na Machi, chumba cha ghorofani mjini Lamu huweza kubaki kwenye nyuzi 32 za Selsiasi hata baada ya swala ya alasiri, na hapo ndipo mtu anayetaka kuovakloki kompyuta yake, yaani kuiendesha kwa kasi inayopita ile iliyopangwa kiwandani, anapopaswa kuanzia, ijapokuwa wengi huanza na jina la prosesa, ile chipu inayofanya hesabu za kompyuta. Kipoza joto, kiwe cha feni au cha maji, hakiwezi kuifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa ya chumbani, kwa kuwa kazi yake ni kulichukua joto na kulitupa katika hewa hiyohiyo. Mtu wa Ulaya anayeonyesha prosesa yake ikifanya kazi kwa nyuzi 78 katika chumba cha nyuzi 21 anatueleza habari za chumba chake. Kompyuta ileile, kwa mipangilio ileile, ikiwashwa katika mtaa wetu wa Langoni siku ya joto itakaribia nyuzi 89, ilhali prosesa nyingi za Intel hujipunguzia kasi zenyewe zinapofika nyuzi 100, na nyingi za Ryzen, ambazo ni za kampuni ya AMD, za mfululizo wa 7000 zimewekewa kikomo cha nyuzi 95.

Kuovakloki hufanywa hivi. Kwa kawaida kasi ya msingi ya megahezi 100 huzidishwa kwa namba fulani, tuseme 45, ikapatikana gigahezi 4.5, anayeovakloki huipandisha namba hiyo, na prosesa ikishindwa kutulia huiongezea volti. Hizo volti ndizo zenye gharama, kwa sababu umeme unaoliwa hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Ukiongeza kasi kwa asilimia 5 na volti kwa asilimia 10, umeme unaogeuka kuwa joto huongezeka kwa takriban asilimia 27. Mwaka 1998 watu waliitoa Celeron 300A, prosesa ya Intel, kwenye megahezi 300 wakaifikisha 450, na faida ilionekana kwa macho. Prosesa za leo hujipandisha zenyewe kila zinapopata nafasi, na kiwanda kimekwisha kuchukua sehemu kubwa ya kile tulichokuwa tukikitafuta kwa mikono. Kinachobaki mara nyingi ni asilimia chache tu.

Kwa hiyo ni lazima ijulikane kwanza ni kazi gani inayochelewa. Kijana mmoja wa mtaa wa Mkomani anayehariri video za harusi aliniletea kompyuta yake akasema, "Ami, nataka ikimbie, watu wa bibi harusi wananidai." Tuliifungua programu yake, tukatazama matumizi ya prosesa wakati picha zinakwama: hayakufika hata nusu. Kilichokuwa kikiikwamisha ni diski ya zamani ya kuzunguka na kipande kimoja tu cha RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, cha GB 8. Tuliweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, na kipande cha pili cha RAM, na habari ya kuovakloki haikuzungumzwa tena. Naamini wengi wa wanaoniuliza wako katika hali kama yake. Wanaobaki, yaani wale ambao prosesa yao hufika asilimia 100 na kudumu hapo, na watazame kama vifaa vyao vinaruhusu: kwa Intel huhitajika prosesa yenye herufi K na madabodi (bodi kuu inayobeba prosesa na vifaa vingine) ya mfululizo wa Z, na kwa AMD prosesa nyingi za Ryzen za mezani ziko wazi lakini madabodi kama A520 hairuhusu. Laptopu isifikiriwe kabisa.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote kwa watu wa pwani ni chumvi. Nilipofungua kasha la kompyuta iliyokaa miaka miwili katika chumba kinachotazama bahari, nilikuta vumbi limeshikana na unyevu wa chumvi kati ya vibati vyembamba vya kipoza joto, likawa kama utando wa sufi, nikalivua kipande kizima kwa ncha ya brashi bila kukatika. Skrubu za pembeni zilikuwa na kutu, na penye shaba palikuwa na ukungu wa kijani. Baada ya kusafisha na kupaka pasta mpya ya joto, nyuzi zilishuka 14, na prosesa ikapata tena kasi iliyokuwa ikijinyima. Usafi huo ufanyike kabla ya kugusa namba yoyote, na palipo na kijani pasiongezwe volti hata kidogo.

Umeme nao una neno lake. Kompyuta inayoendeshwa karibu na kikomo haistahimili umeme unaoyumba, kwa hivyo pawa saplai iwe na wati za kutosha, na UPS, kile kifaa cha akiba ya umeme, iwe na betri nzima, kwani umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, madabodi huweza kufa palepale.

Watu huogopa prosesa kuungua, lakini prosesa huwa na kinga ya kujizima. Mimi naogopa zaidi makosa ya kimyakimya. Niliwahi kupandisha kasi ya RAM katika kompyuta yangu ya kazi, ikawa haizimi wala haigandi, nami nikaridhika. Wiki mbili baadaye faili la video ya harusi likatoka na vipande vilivyoharibika, na nakala niliyokuwa nimeihifadhi nayo ilikuwa imeandikwa na kompyuta hiyohiyo. Harusi hairudiwi. Madhara ya volti pia huja polepole: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipewa volti za juu mno, zikadhoofika bila mtu kuziovakloki, hata ikalazimika kutoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Anayeongeza volti kwa mkono wake mara nyingi huipoteza dhamana, na kifaa kipya kitapaswa kupanda basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, kisha boti, huku kazi imesimama.

Aliyekwisha kuyapima hayo na bado akaona ipo haja, basi atoe nakala za kazi zake zote kwenye diski ya nje na kuichomoa, ajifunze jinsi ya kufuta mipangilio ya BIOS kwenye madabodi yake, kisha apandishe megahezi 100 kila mara bila kugusa volti. Kila hatua ijaribiwe kwa Prime95, programu inayoitwisha prosesa hesabu nzito, na RAM ijaribiwe kwa MemTest86, programu ya kukagua makosa ya RAM, usiku kucha. Namba zilizofaulu ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya kasha, pamoja na tarehe na nyuzi za chumba, ili fundi atakayelifungua baadaye asibahatishe. Kama jaribio lilifanywa Julai, wakati kusi inavuma na chumba kimepoa, lirudiwe saa nane mchana mwezi wa Februari kabla ya kupokea video ya mtu.