SOMO: Jinsi ya kwenda Free RPG Day kama hujawahi kucheza hata mara moja

Wakuu, salaam. Kila ikikaribia Juni naulizwa inbox habari za Free RPG Day, hasa na ndugu waliohamia Marekani karibuni na kualikwa na wafanyakazi wenzao, au waliosumbuliwa na watoto mpaka wakakubali. Nimwage yote hapa.

Kwa wasioijua: RPG ni kifupi cha "role-playing game", yaani mchezo wa kuigiza mhusika. Tangu 2007, Jumamosi moja kwa mwaka, mara nyingi mwezi Juni, maduka ya michezo yanayoshiriki hugawa bure vijitabu vya michezo ya kuigiza mezani. Wachapishaji kama Paizo na Goodman Games ndio huviandaa, na vingi vina kanuni fupi pamoja na kisa cha kucheza siku hiyohiyo. Maduka mengi huweka na meza. Mnakaa watu kadhaa na msimulizi mmoja. Yeye anaeleza mnachokiona, nyie mnasema wahusika wenu wanafanya nini, na penye mashaka dadu huamua. Mkongwe wa michezo hii ni Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, iliyotoka 1974.

Wengi huikosa siku hii kwa sababu wanaanzia kwenye kanuni. Mtu anafungua kitabu cha kurasa mia tatu na ushee, anachoka kabla hajafika popote, anaghairi. Kanuni ziache. Kinachoisha ni viti.

Hatua ya 1: Shika kiti

Tovuti ya Free RPG Day huonyesha maduka yanayoshiriki. Usiishie hapo. Piga simu dukani uulize meza zinaanza saa ngapi, watu wanajiandikishaje, na kama kuna meza ya wageni kabisa. Kuna maduka yanayotumia Warhorn (tovuti ya kujiandikishia michezo), kuna yanayotumia Discord yao (programu ya kuchati kwa makundi), na kuna yenye daftari tu pale kaunta. Meza moja hubeba watu wanne hadi sita, kwa hiyo duka lenye meza tatu hujaa upesi. Kupata kijitabu si kupata kiti. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Hatua ya 2: Vya kubeba

Penseli yenye kifutio, maana pointi za uhai wa mhusika wako zitapanda na kushuka mchana kutwa. Chakula cha nje uliza kwanza. Maduka mengi yanauza soda na vitafunio vyao na hayapendi uje na mfuko wa chipsi. Na oga, jamani. Chumba ni kidogo, watu ni wengi, na ni Juni.

Dadu utaazimwa. Ukitaka zako, seti ya saba ni kama dola 10: ya pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20, pamoja na ya pande 10 ya pili iliyoandikwa kwa makumi, kuanzia 00 hadi 90. Wageni huchanganya ya 12 na ya 20 kwa sababu zote zinakaribia duara. Tazama uso mmoja: ukiwa pembetatu hiyo ni ya 20, ukiwa na kona tano ni ya 12. Ya 4 ni piramidi, haibingiriki, inadondoka tu ilipo, na ukiikanyaga peku usiku utajua hujui. Usichukue dadu ya mtu bila kuomba. Kuna wachezaji wanaoamini kabisa kwamba mkono wa mgeni unaitia mkosi.

Hatua ya 3: Fika mapema

Tangazo likisema saa saba mchana, basi saa saba kamili kisa kinaanza, na "niko njiani" haisaidii. Ile nusu saa ya kabla ndipo wahusika walioandaliwa tayari hugawanywa. Chagua mpiganaji. Mchawi anavutia, lakini ana orodha ndefu ya kusoma huku wenzako wanakusubiri.

Hatua ya 4: Mezani

Hapa ndipo watu wanapoogopa, basi twende taratibu. Msimulizi anasema: "Mlango una komeo kwa ndani, chini yake unapita moshi. Mnafanyaje?" Wote kimya. Wewe unasema: "Natega sikio mlangoni." Msimulizi anajibu: "Rusha ya ishirini." Inaangukia 11. Kwenye karatasi yako, mbele ya uwezo wa kusikia na kuona, pameandikwa +4. Jumla 15. Msimulizi alihitaji 13, kwa hiyo unasikia sauti mbili zikigombana nani aende kuchota maji. Umeshacheza. Unasema unachofanya, unarusha, unajumlisha, unasikiliza kilichotokea. Vita ni hivyohivyo, ila mnapokezana kwa zamu.

Usimpangie mwenzako cha kufanya, hata kama unaona anapotea. Na zamu yako ikikaribia, weka simu chini, kwani hakuna kinachoudhi meza kama mtu anayeuliza "eti tumefika wapi?"

Ukiona kadi yenye herufi X katikati ya meza, huo ni utaratibu uliobuniwa na John Stavropoulos. Jambo la kwenye kisa likikukera, iguse. Tukio linarukwa na huhitaji kujieleza.

Hatua ya 5: Kuondoka

Mshukuru msimulizi, mara nyingi anajitolea tu. Nunua kitu hata kidogo. Vijitabu ni bure kwako, lakini duka limelipia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, Kiingereza changu ni cha kuungaunga na lafudhi yangu nzito. Si watanicheka?
Hulazimiki kuigiza sauti. Sema "mhusika wangu anamwomba mlinzi afungue lango", inatosha. Mwambie msimulizi mapema kwamba ni mara yako ya kwanza na unahitaji aseme polepole.

Hizi habari za mapepo na wachawi, si ndiyo mambo ya kishetani haya? Mimi mlokole.
Wamarekani wenyewe walilipigia kelele hilo miaka ya 1980, mpaka kikaundwa chama cha kuupinga mchezo huu. Mezani hakuna ibada wala maombi kwa yeyote. Uchawi ni maneno na namba kwenye karatasi. Lakini dhamiri ni yako, na kuna visa vya anga za juu au vya upelelezi visivyo na mapepo kabisa. Ulizia hivyo.

Na kwa Waislamu? Dadu si kamari?
Hapawekwi pesa, kwa hiyo si kamari. Ila wapo wanazuoni wanaokataza dadu zenyewe hata bila pesa, kwa kufuata hadithi za Mtume kuhusu nardi, mchezo wa dadu wa zamani. Hilo muulize sheikh wako, si mimi.

Mhusika akifa, narudi nyumbani?
Mara nyingi msimulizi anakupa mwingine. Wengine hufurahia kifo kuliko ushindi, ndio utawasikia wakikisimulia mwaka mzima.

Mwanangu ana miaka tisa, naweza kumleta?
Dada, uliza duka. Baadhi yana meza ya watoto, mengine yana visa vya kutisha visivyomfaa. Ukimleta, kaa ucheze naye. Usimwache pale ukaenda sokoni.

Niko Ujerumani.
Huko tafuta Gratisrollenspieltag, ni siku ya aina hiyohiyo.

Sisi wa Mwanza tusio na duka la hivyo tufanyeje?
Huhitaji duka. Tangu Januari 2023, hati ya kanuni za msingi za Dungeons & Dragons, SRD 5.1, iko chini ya leseni ya Creative Commons. Unaipakua bure na hata kuitafsiri ni ruhusa. Programu ya kurusha dadu ipo kwenye simu. Tafuta wenzako watatu, mmoja asimulie, na wiki ya kwanza msizidi muda wa saa mbili.