Kutofautisha Uchungu wa Kweli na Mikazo ya Kujaribu: Mwongozo wa Mkunga kwa Wajawazito wa Mwanza na Visiwa vya Ziwa Victoria

Hakuna wiki inayopita katika wodi ya wazazi bila kumpokea mama aliyebeba beseni, kanga na kadi ya kliniki, akiongozana na mama mkwe na wifi, ambaye anaeleza kwamba tumbo linakaza tangu jana jioni na kwamba leo ndiyo leo. Tukimpima njia, yaani mlango wa kizazi, tunakuta haijafunguka, tumbo lenyewe limelegea tangu aliposhuka kwenye bajaji, na baada ya saa mbili anarudi kwake Igoma au Buhongwa huku ndugu wakinung'unikia nauli. Wiki hiyohiyo hufika mwingine aliyevumilia tangu alfajiri kwa kuambiwa kwamba hilo ni tumbo tu, na mtoto anazaliwa kabla hatujamaliza kuandika jina la mama kwenye faili. Wote wawili walikosa kitu kimoja, nacho ni njia ya kuutazama uchungu kwa utaratibu kabla ya kuupa jina.

Jina lenyewe lina lawama yake. Wengi husema "uchungu wa uongo", nami silipendi, kwa sababu likifika nyumbani hugeuka kuwa tuhuma, kana kwamba mama ndiye aliyedanganya. Maumivu yale yapo. Mfuko wa uzazi ni msuli, na katika miezi ya mwisho hukaza na kuachia mara kwa mara pasipo kuufungua mlango wa kizazi. Daktari wa Kiingereza John Braxton Hicks aliieleza mikazo hiyo mwaka 1872, na vitabu vya ukunga bado vinaitaja kwa jina lake. Hapa nitaiita mikazo ya kujaribu.

Hatua ya kwanza: jiulize kama una ruhusa ya kusubiri

Kabla ya kuhesabu chochote, fungua kadi yako ya kliniki uangalie umri wa mimba. Ikiwa haijatimiza wiki 37 na tumbo linakaza kwa mpangilio, usikae nyumbani kujipima, kwa kuwa huo unaweza kuwa uchungu wa kabla ya wakati na kila saa ina thamani. Vilevile usisubiri kama uliwahi kujifungua kwa upasuaji, kama una mapacha, kama uliambiwa mtoto ametanguliza makalio, au kama umekuwa ukifuatiliwa kwa shinikizo la damu.

Zipo pia dalili zinazofuta mwongozo huu wote. Damu inayotoka kama ya hedhi au zaidi, tumbo lililokuwa gumu kama ubao na lisiloachia kabisa, kichwa kuuma sana pamoja na kuona maluweluwe, degedege, homa, au mtoto aliyepunguza kucheza: kwa lolote kati ya hayo, ondoka mara moja, uwe na mikazo au usiwe nayo. Namba 115 hupigwa bure kuomba usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Iandike ukutani sasa hivi, kwa maana usiku wa tukio hakuna anayeikumbuka.

Hatua ya pili: kojoa, kunywa maji, badilisha mkao

Mikazo ya kujaribu huchochewa na mambo madogo: kibofu kilichojaa, mwili uliokauka maji, kusimama muda mrefu, kubeba ndoo, hata tendo la ndoa la usiku uliopita. Nimewaona wengi miongoni mwa kina mama wanaoshinda mwaloni wakianika dagaa juani, ambao jioni tumbo huwakaza kila baada ya dakika chache, na baada ya kunywa maji na kulala ubavu likatulia lenyewe.

Kwa hiyo nenda ukakojoe, kisha kunywa glasi mbili za maji au uji mwepesi, ulale kwa ubavu wa kushoto kwa muda wa saa moja. Kama ulikuwa umelala, fanya kinyume chake, yaani inuka utembee polepole uani. Mikazo ya kujaribu mara nyingi hupungua au hukatika unapobadilisha shughuli, ilhali uchungu wa kweli haujali kama umelala, umekaa au unatembea, na pengine kutembea huuzidishia nguvu. Ikiwa kukojoa kunachoma au maumivu yamekaa kiunoni upande mmoja pamoja na baridi ya mwili, huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, nayo hutibiwa kituoni, si kwa maji ya kunywa.

Hatua ya tatu: weka mkono juu ya tumbo

Hiki ndicho kipimo ambacho mkunga hutumia kila siku, na mama yeyote anaweza kujifunza. Weka kiganja sehemu ya juu ya tumbo, chini kidogo ya mbavu, vidole vikiwa vimetulia bila kubonyeza. Mkazo unapoanza utahisi tumbo likijikusanya chini ya mkono, likipanda na kuwa gumu, kisha likiachia taratibu. Kama unachosikia ni maumivu ya chini ya tumbo ilhali sehemu hiyo ya juu inabaki laini wakati wote, basi huo si mkazo wa mfuko wa uzazi, bali huenda ni mishipa inayovutwa na uzito wa mtoto au gesi tumboni.

Ili kujua ukali wa mkazo, tunafundishwa kuulinganisha na uso. Gusa ncha ya pua yako, kisha kidevu, kisha paji la uso. Mkazo mwepesi hulifanya tumbo liwe kama ncha ya pua, ambayo kidole huizamisha kidogo. Mkazo wa wastani hufanana na kidevu. Mkazo ulio na nguvu hulifanya tumbo kuwa kama paji la uso, na hapo hata ukibonyeza kidole hakizami. Mikazo ya kujaribu kwa kawaida huishia kwenye pua, ingawa usiku mmoja inaweza kufika kidevuni na kushuka tena. Uchungu wa kweli hupanda kutoka pua kwenda kidevu, kutoka kidevu kwenda paji la uso, na haurudi nyuma. Maumivu yake, kwa wengi, huanzia kiunoni yakazunguka kuja mbele, wakati mikazo ya kujaribu husikika zaidi mbele.

Hatua ya nne: hesabu kwa saa na kuandika

Hapa ndipo wengi hukosea, wakiwemo wasomi. Muda kati ya mkazo na mkazo huhesabiwa tangu mkazo mmoja unapoanza hadi mwingine unapoanza, si tangu mmoja unapoisha. Pembeni andika pia kila mkazo umedumu sekunde ngapi. Jambo la pili linahusu saa zetu: simu ikionyesha 02:00, Mswahili husema saa nane usiku, na nimeletewa madaftari ambayo mume ameandika saa za simu na mama mkwe ameandika saa za Kiswahili kwenye ukurasa mmoja, hata ikaonekana mkazo wa mwisho ulitangulia wa kwanza. Chagueni mtindo mmoja, na aandike mtu mmoja.

Mama mmoja wa Kirumba alinionyesha daftari lake lenye usiku mbili tofauti, na tangu hapo nimekuwa nikilitumia kama mfano. Usiku wa kwanza mikazo ilianza saa 2:10, 2:31, 2:38, 3:05 na 3:14, kila mmoja ukidumu kati ya sekunde 20 na 30. Ukitoa hesabu unapata dakika 21, 7, 27, kisha 9: hakuna mpangilio, na hakuna kukua. Alioga, akalala, asubuhi akaenda sokoni. Siku nne baadaye, ukurasa uliofuata, mikazo ilianza saa 8:00 usiku, 8:09, 8:17, 8:25, 8:32 na 8:38, na muda wake ukapanda kutoka sekunde 35 hadi 55. Dakika 9, 8, 8, 7, 6. Mwandiko wenyewe ulikuwa umeanza kupinda. Alifika kabla ya adhana ya alfajiri, na njia ilikuwa imefunguka sentimita 5.

Usihesabu kwa dakika kumi ukatoa hukumu. Andika kwa saa nzima, kwa sababu kinachotofautisha uchungu na mikazo ya kujaribu ni mabadiliko kadiri muda unavyokwenda, na mabadiliko hayaonekani kwenye mikazo miwili. Ukali wa maumivu peke yake si kipimo kizuri, maana wapo wanaolia kwa mikazo ya kujaribu na wapo waliopika ugali huku njia ikiwa nusu wazi.

Hatua ya tano: angalia kinachotoka ukeni

Ute mzito wenye rangi ya waridi au michirizi ya damu ni dalili kwamba mlango wa kizazi umeanza kulainika. Unaweza kutangulia uchungu kwa saa chache au kwa siku kadhaa, kwa hiyo ukiuona bila mikazo, usikimbie, ila weka mizigo yako karibu na mlango. Kama ulipimwa njia jana yake, matone machache ya damu si jambo la kushangaza.

Chupa, yaani mfuko wa maji ya uzazi, ikipasuka mambo ni mengine. Vaa pedi au kitambaa safi, andika saa, angalia rangi, uende kituoni hata kama tumbo halijakaza mara moja, kwa kuwa mlango wa maambukizi umeshakuwa wazi. Maji ya kawaida ni meupe au ya rangi ya majani makavu iliyofifia, na hayana harufu ya mkojo. Maji ya kijani au kahawia maana yake ni kwamba mtoto amejisaidia tumboni, basi harakisha. Ukisikia au kuona kitovu cha mtoto kikining'inia ukeni, piga magoti, laza kifua chini na inua makalio juu, ukae hivyohivyo hadi usafiri ufike na hata ndani ya usafiri.

Hatua ya sita: amua saa ya kuondoka kwa kuangalia safari iliyo mbele yako, si saa peke yake

Kwa mimba ya kwanza, ukiwa ndani ya jiji, wengi tunashauri kuondoka mikazo inapokuja kila baada ya dakika 5, ikidumu kama dakika 1, kwa muda wa saa 1. Kwa aliyewahi kujifungua, dakika 10 zenye mpangilio zinatosha, kwa sababu njia yake hufunguka haraka zaidi.

Lakini kanuni hiyo haikutungwa kwa ajili ya mama wa visiwa vya Ukara, Kome au Maisome. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, anayetoka upande wa Sengerema kwa gari hasubiri tena kivuko pale, lakini wa visiwani bado wanategemea chombo na hali ya ziwa. Miaka ya nyuma nilimruhusu mama akiwa na sentimita 2, mikazo yake ikiwa imeachana kwa muda mrefu, nikamwambia arudi ikikolea. Sikumuuliza anakaa wapi. Alivuka kurudi kwake, mikazo ikakolea saa sita usiku wakati hakuna kivuko, na akaletwa kwa mtumbwi wa wavuvi akiwa amejifungulia majini, mtoto amefungwa ndani ya koti la mvuvi. Wote walipona. Tangu siku ile swali langu la kwanza ni "unakaa wapi, mama?" Anayetegemea maji kuvuka ahamie kwa ndugu aliye karibu na hospitali, au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito pale ilipo, wiki mbili au tatu kabla ya tarehe ya makadirio.

Wakati unasubiri, usinywe dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu, hata kama anayekupa ni bibi yako mzaa mama na alizaa kumi kwa hiyo. Baadhi hukaza mfuko wa uzazi bila kuuachia, na mfuko unaweza kupasuka.

Hatua ya saba: unachomwambia mkunga ukifika

Usiseme tu kwamba unaumwa. Sema mikazo ilianza saa ngapi, inakuja kila baada ya dakika ngapi, chupa imepasuka au bado, mtoto amecheza mara ya mwisho saa ngapi, kisha toa daftari. Ukiambiwa njia ni sentimita 3, hujadanganywa na mwili wako: Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018, linahesabu uchungu wa kasi kuanzia sentimita 5, na kipindi kinachotangulia kinaweza kuchukua saa nyingi, hasa kwa mimba ya kwanza. Kabla hujashuka kitandani uliza njia imefunguka kiasi gani na urudi ukiona nini, na kama unakaa ng'ambo ya maji, liseme hilo kwanza, hata kama hujaulizwa.