Somo: Kupanga ofisi ya watu 12 inayotazama jua la magharibi

Chumba tutakachokipanga ni cha kawaida sana Dar es Salaam: mita 10 kwa 8, dari mita 2.8, madirisha ya aluminiamu upande mmoja tu, nao ndio wa magharibi. Sakafu ni marumaru, dari jipsamu. Bajeti nyingi humalizikia kwenye dari ya ngazi ngazi na taa za mapambo, halafu atakayekaa humo saa nane kwa siku anaachiwa kiti kibovu, joto na makelele. Hapa tunaanza na anayekaa. Ukuta utapambwa mwisho, pesa ikibaki.

1. Chaki kabla ya manunuzi

Chora kila meza sakafuni kwa chaki, sm 140 kwa 70. Nyuma ya kila kiti acha sm 90, njia kuu sm 120. Rudi saa kumi alasiri uchore mstari pale jua linapoishia sakafuni. Doa hilo la jua huhama: Desemba jua huzama likiwa limeegemea kusini, Juni kaskazini, kwa hiyo ongeza nafasi kila upande.

Mwanga wa dirisha hufaa kwa kusomea hadi umbali wa takriban mara mbili ya urefu kutoka sakafuni hadi juu ya dirisha. Dirisha likiishia mita 2.1, una kama mita 4. Watu wakae humo. Printa, makabati na meza ya mkutano vikae nyuma. Meza ya kwanza iache sm 80 kutoka kwenye kioo. Mtu akikaa, dirisha liwe kushoto au kulia kwake. Likiwa mgongoni linang'aa kwenye skrini, likiwa mbele linaumiza macho.

2. Zuia jua likiwa bado nje

Pazia la ndani huchelewa: jua likishapita kioo, joto limeshaingia. Kipaa kifupi juu ya dirisha nacho hakisaidii magharibi, kwa sababu jua la alasiri huja chini, usawa wa uso. Tundika chiki (mapazia ya vijiti vya mianzi) nje, sm 15 kutoka kwenye kioo, za kukunjwa asubuhi na kushushwa saa nane mchana. Zifungwe kamba juu na chini, la sivyo upepo utazipasua.

Kumbuka pia kwamba dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu. Ukiwa na nafasi ya kubadilisha, weka luva, yaani vipande vya kioo vinavyogeuka na kufunguka vyote.

3. Pangaboi kwanza, kiyoyozi baadaye

Pangaboi 4 za sm 140 zinatosha. Mapanga yawe sm 30 chini ya dari ili yapate hewa ya kuvuta. Hapa yatakuwa mita 2.5 kutoka sakafuni, na yasishuke chini ya 2.3. Bolti ishike zege, kamwe isishike jipsamu. Kila moja hula wati 70 hivi. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hula takriban kilowati 1. Hewa ikitembea, kiyoyozi kikiwekwa nyuzi 26 watu huridhika, na hakuna anayevaa koti ofisini.

4. Taa

Paneli 12 za LED, lumeni (kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa) 4,000 kila moja, safu tatu sambamba na dirisha, kila safu na swichi yake. Kuta zikiwa nyeupe utapata karibu luksi (kipimo cha mwanga unaofika mahali) 290 mezani. Anayesoma karatasi mpe taa ya meza afikie 500. Safu ya dirishani ikae imezimwa asubuhi yote.

5. Kelele

Marumaru, kioo na jipsamu hurudisha sauti, na watu 12 wakiongea na simu hakuna anayesikia. Tengeneza fremu za mbao sm 60 kwa 120, kina sm 5. Jaza blanketi kuukuu zilizofuliwa na kukaushwa juani, tabaka juu ya tabaka mpaka fremu ijae bila kushindiliwa. Funika kwa kanga. Moja inatosha fremu moja pamoja na mikunjo. Kitambaa kingine kijaribu mdomoni: ukipuliza hewa ikapita, kinafaa. Sponji ya makochi usiitie, ikishika moto moshi wake ni sumu. Sufi nayo huwaka upesi mno.

Tundika fremu 16 usawa wa kichwa cha aliyekaa, ukiacha sm 5 kutoka ukutani. Nafasi hiyo huongeza unyonyaji wa sauti, na hapa pwani huzuia ukungu. Jina la kanga lichague kwa makini, maana wateja watalisoma.

6. Rangi

Rangi ya maji, nyeupe. Fungua madirisha siku tatu kabla watu hawajahamia. Rangi kuukuu ya mafuta inaweza kuwa na madini ya risasi: usiipige msasa mkavu.

Maswali ya wasomaji

*Fundi, taa zetu zinapepesa tangu tuweke pangaboi, watu wanaumwa vichwa. Umeme mbovu?*

Huenda si umeme. Taa iliyo juu ya mapanga hukatwa na kila panga linalopita. Zima pangaboi: mpepeso ukiisha, hamisha taa iwe angalau sm 40 nje ya ncha ya panga.

*Niko Tanga. Meza ya mbao imepasuka katikati baada ya miezi mitatu chumba cha kiyoyozi. Nitumie mbao gani?*

Kosa ni unyevu. Mbao iliyouzwa mbichi husinyaa kiyoyozi kikiikausha. Dai mbao yenye unyevu wa asilimia 12 kwa kipimo, na matundu ya skrubu chini ya meza yawe ya mwanya mrefu kidogo badala ya duara ili mbao itembee. Kwako msaji wa Longuza, Muheza, uko karibu na ni wa kupandwa. Mninga uache msituni.

*Mwenye nyumba hataki chochote nje ya jengo. Nifanyeje na magharibi?*

Tumia pazia la kukunja lenye mgongo mweupe kuelekea kioo, lisogee karibu na kioo. Joto fulani litaingia, kwa hiyo meza ya kwanza iache mita 1.5 badala ya sm 80.

*Tuna mwenzetu wa kiti cha magurudumu.*

Mlango uachie sm 90 wazi, mzunguko wa sm 150 mbele ya meza yake, na sm 70 tupu chini ya meza bila droo. Swichi zishushwe hadi mita 1.1. Meza yake iwe miongoni mwa wenzake, dirishani kama wao.