Saiti yako unaiona wewe tu: vitu vya kurekebisha kabla hujagusa themu

Mtu akishakuwa na blogu au kasaiti kake kadogo, mikono inaanza kumwasha kwenye themu. Rangi, menyu inayoteleza, zile slaidi za juu zinazojibadilisha zenyewe. Nawaelewa, maana mimi nilibadilisha themu mara nne ndani ya mwaka mmoja na wasomaji wakabaki walewale. Kumbe ile saiti nilikuwa naiona mimi peke yangu, yaani laptopu yangu, wifi yangu, na brauza ambayo ilishahifadhi kila kitu kwenye kashi, lazima ifunguke fasta. Siku nimekuja kuifungua kwenye simu ya jamaa yangu, simu ya kawaida tu na mtandao unasuasua, nikakaa pale naangalia kiduara kinazunguka weee mpaka nikajifanya nimesahau nilichotaka kumwonyesha.

Kwa hiyo kabla ya yote, ingia kwenye saiti yako kama mgeni. Zima wifi, washa data, fungua brauza kwenye lile dirisha la siri lisiloweka historia, halafu usiende peji ya mwanzo, nenda kwenye ile poste yenye picha nyingi kuliko zote, maana wasomaji wengi wanatua moja kwa moja kwenye poste wakitokea kwenye utafutaji, hiyo peji ya mwanzo unayoipamba kila siku wengine hawaioni kabisa. Hesabu sekunde. Google wana kipimo chao, wanasema kile kitu kikubwa kinachoonekana peji inapofunguka, mara nyingi ni picha ya juu au kichwa cha habari, kiwe kimeshatokea ndani ya sekunde 2.5. Ukitaka namba kamili weka anwani yako kwenye PageSpeed Insights, ni bure, itakupa na orodha ya makosa. Ila usiumize kichwa kutafuta mia kwa mia, watu wanapoteza wikiendi nzima kwa ajili ya pointi tatu ambazo hakuna msomaji atakayezihisi.

Na nikwambie mapema, kwenye saiti ndogo mara nyingi mchawi ni picha.

Picha ya simu siku hizi inatoka na upana wa kama pikseli 4,000 na uzito wa MB 3 mpaka 5. Sehemu ya maandishi kwenye blogu nyingi ina upana wa pikseli 700 au 800 hivi. Sasa ukiitupia vilevile, brauza inapakua zile 4,000 zote halafu inazibana zienee, yaani msomaji kachomwa bando la picha kubwa ili aone ndogo. Na ukivuta kona ya picha ndani ya edita ukaona imepungua usidanganyike, umepunguza muonekano tu, faili ni lilelile. WordPress hutengeneza saizi ndogondogo yenyewe, sawa, ila kama HTML, ile kodi ya peji, umeiandika kwa mkono au unatumia mfumo mwingine usitegemee huo ukarimu.

Dawa yake ndo hii. Kabla hujapandisha picha, ipunguze upana mpaka 1,200 hivi au 1,600 ukizidi sana. Hiyo ni karibu mara mbili ya nafasi iliyopo, kwa sababu skrini za simu nyingi zina pikseli zilizobanana, ukiweka 700 kamili itaonekana na ukungu. Halafu ihifadhi kama WebP, muundo ambao Google waliutoa 2010 na siku hizi brauza zote kubwa zinausoma, kwoliti weka 75 au 80. Kuna Squoosh inafanya kazi hiyo ndani ya brauza bila picha kutoka kwenye mashine yako, unavuta kamstari katikati unalinganisha ya zamani na mpya. Juzi nimechukua picha moja ya gia za baiskeli, MB 4.2, nikashusha upana mpaka 1,400, WebP, kwoliti 75, ikatoka KB 160. Nikavuta kale kamstari kushoto kulia kushoto kulia natafuta tofauti, sijaiona. Poste hiyo ilikuwa na picha tisa, sasa piga hesabu mwenyewe.

Skrinishoti zenye maandishi ni kesi tofauti. Hizo ukizibana kama JPEG herufi zinapata uchafu pembeni, kama mtu kafuta ubao kwa mkono. Ziache PNG, au WebP isiyopoteza kitu, zitakuwa safi na mara nyingi wala sio nzito.

Jambo ambalo wengi hawalijui, picha ya simu inaweza kuwa imebeba ndani yake mahali ilipopigwa, kwa namba za GPS kabisa. Kama umepiga nyumbani unaweza kuwa umemwelekeza kila mtu mlangoni. Programu nyingi za kubana picha zinafuta hizo taarifa lakini hakikisha, fungua sifa za faili ulilobana uangalie.

Tukiwa hapohapo kwenye picha, andika yale maelezo mbadala, alt. Hayo ndo yanayosomwa kwa sauti kwa mtu asiyeona, na ndo yanayobaki picha ikigoma kufunguka. Usiandike "picha1" wala usirundike maneno ya kutafutiwa. Andika kama ungemwambia mtu kwenye simu: "mnyororo wa baiskeli umetoka kwenye gia ya nyuma". Kama picha ni pambo tu acha alt tupu, alt="", hapo ile programu inayomsomea asiyeona itairuka. Tupu, sio kuifuta kabisa, maana ukiifuta baadhi ya programu zinaanza kusoma jina la faili, IMG nukta nukta sijui nini, kero tupu.

Halafu kuna ule ugonjwa wa peji kurukaruka. Unasoma, unataka kubonyeza linki, picha ya juu inashuka ghafla, unabonyeza tangazo. Hii inatokea kwa sababu brauza haikujua picha ina ukubwa gani mpaka ilipofika. Andika width na height kwenye kodi ya picha, brauza itaacha nafasi mapema, basi imeisha hiyo. Na ukiweka loading="lazy" ili picha za chini zisubiri mpaka mtu ateremke, usiiweke kwenye picha ya kwanza ya juu. Hiyo ndo mtu kaifuata, wewe unaiambia isubiri nini?

Baada ya picha angalia mizigo ya kubebeshwa. Kila kidude ulichopachika kutoka nje, vitufe vya kushea, kihesabio cha wageni, fonti nne za madoido, vinaenda kwenye seva za watu wengine kuomba faili. Fonti nayo, nyembamba ni faili lake, nene ni faili lake, mlalo ni faili lake, labda uwe umepata ile aina inayobeba unene wote kwa pamoja. Mimi nimebaki na fonti moja ya kichwa, maandishi yanatumia fonti ya simu ya msomaji mwenyewe na hakuna aliyelalamika. Video ukiipachika peji inavuta mzigo mkubwa hata kama mtu hataicheza, bora uweke picha yenye kialama cha kucheza halafu iwe linki.

Plagini, vile viprogramu vya kuiongezea saiti uwezo, ni hivyohivyo, ila hapo kuna na usalama. Plagini uliyoizima bado ipo kwenye seva, na kama ina tundu mtu anaweza kupita humohumo. Kuzima sio kufuta. Usizozitumia futa, unazotumia sasisha, na ambayo mtengenezaji wake kaitelekeza miaka miwili mitatu tafuta mbadala wake hata kama unaipenda. Pasiwedi iwe ndefu na isiwe ileile ya imeili, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Hapo sina la kuongeza.

Sasa linki, na hapa nina kidonda. Blogu yangu ya kwanza anwani za poste zilikuwa na tarehe ndani yake, mwaka, mwezi, siku, ndo jina la poste. Usiku mmoja nikaona hazipendezi, nikaingia kwenye mipangilio nikazifupisha zote kwa mkupuo, nikalala usingizi mnono. Wiki mbili baadae wageni wa kutoka kwenye utafutaji wamekatika karibu wote. Sababu ni kwamba linki zote zilizokuwa kwenye saiti za watu, kwenye magrupu, kwenye matokeo ya utafutaji, zilikuwa zinaelekea kwenye anwani za zamani, mtu akibonyeza anakutana na 404, yaani peji haipo, anageuza.

Ukilazimika kubadilisha anwani weka 301, ni ujumbe wa seva unaosema huyu kahama moja kwa moja, yuko huku. Isiwe 302, hiyo inasema katoka kidogo atarudi. Na iwe peji kwa peji, ya zamani ya mnyororo iende kwenye mpya ya mnyororo, usizielekeze zote kwenye peji ya mwanzo maana mtu alikuja kwa ajili ya mnyororo. Google wanashauri uziache hizo 301 angalau mwaka mzima, mimi naona uziache tu siku zote, hazili chakula. Ukiwa ndo unaanza, epuka hayo matatizo kabisa: anwani fupi, bila tarehe, bila mwaka. Ukiandika anwani inayoishia na 2022 halafu ukaisasisha poste mwaka unaofuata utabaki na anwani inayokuzeesha.

Mara moja moja pia pitia linki zako za kutoka, saiti za watu zinakufa kimyakimya. Na usiandike "bofya hapa", andika kile mtu atakachokikuta huko.

Kama hauonekani kwenye utafutaji kabisa, yaani hata ukiandika jina la saiti yako haitoki, kabla hujamlipa mtu anayejiita mtaalamu angalia kitu kimoja cha kipuuzi. Kwenye WordPress, mipangilio ya Reading, kuna kisanduku kinachoomba mitambo ya utafutaji isiiorodheshe saiti. Watu wanakitiki wakati wa ujenzi halafu wanasahau kukitoa. Nimeshamwona mtu kakaa nacho miezi saba. Ukishakitoa jiunge na Google Search Console, bure nayo, uone peji zipi zimeingia na zipi zimekataliwa na kwanini. Kile kitagi cha keywords, orodha ya maneno ya kutafutiwa inayofichwa kwenye kodi ya peji, ambacho bado kuna watu wanauza semina juu yake, Google walishatangaza 2009 kwamba hawakitumii. Kichwa cha habari ndo cha kuhangaikia, kiseme poste inahusu nini, maneno muhimu yakae mwanzoni kwa sababu mwishoni hukatwa.

HTTPS, yaani saiti kusafirisha data ikiwa imefungwa wengine wasiisome, sidhani kama bado kuna wa kubishana, Chrome tangu Julai 2018 inaandika kwamba saiti ya HTTP tupu sio salama, na cheti cha kuiwasha unakipata bure kwa Let's Encrypt. Tatizo lake vyeti hivyo ni vya muda mfupi, kwa miaka mingi vimekuwa vya siku 90, kwa hiyo hakikisha vinajihuisha vyenyewe.

Bakapu. Kila mtu anasema anayo. Mimi pia nilikuwa nasema. Nilikuwa nalipia kabisa kwa kampuni ya hosti, ile inayoiweka saiti hewani, niliyokuwa nayo, kila usiku inachukuliwa, safi. Siku seva imeleta shida nikaambiwa bakapu zilikuwa kwenye seva hiyohiyo. Maandishi niliyapata vipande vipande kwenye kashi za mitambo ya utafutaji na kwenye imeili nilizokuwa nawatumia wasomaji, picha ndo zilienda moja kwa moja. Sasa hivi nafuata ile hesabu ya 3-2-1: nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja ikae mbali kabisa na zingine. Kwa blogu maana yake ni nakala iliyoko hewani, nyingine kwenye diski yangu, nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni isiyohusiana na hosti. Na uchukue vyote viwili, mafaili na hifadhidata, kwa sababu maandishi ya WordPress yako kwenye hifadhidata, mtu anakopi folda la mafaili tu anajiona yuko salama kumbe kabeba picha na themu bila hata neno moja. Kisha irudishe hiyo bakapu mahali pengine ujaribu kama inafunguka, angalau mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza nimejaribu yangu faili lilikuwa na KB sifuri.

La mwisho ni domeini, yaani lile jina la saiti yako linaloishia na .com au mfano wake. Iandikishe kwa jina lako mwenyewe, sio la yule kijana aliyekutengenezea saiti, maana mkigombana au akibadilisha namba wewe huna pa kushika. Imeili ya akaunti isiwe ya domeini hiyohiyo, maana domeini ikiisha muda na imeili inakufa, na zile meseji za kukumbushwa zinaenda shimoni. Kama umeweka ijilipie yenyewe, angalia kadi haijaisha muda. Domeini ya .com ikishapita muda wake wa nyongeza na kufutwa kuna siku 30 za kuikomboa, na ukombozi wake ni ghali mara nyingi kuliko kulipia kawaida, baada ya hapo anaichukua yeyote aliyewahi. Fungua akaunti yako leo uangalie tarehe, uiweke kwenye kalenda ya simu mwezi mmoja kabla.