Somo: Riwaya zenye michoro, anza kukagua kwa nyuma

Wengi wakishika toleo zuri la riwaya hutazama ngozi ya jalada na dhahabu ya mgongoni. Mimi hufungua nyuma kwanza.

Hatua ya 1: Soma ukurasa wa uchapaji. Katika matoleo ya nakala chache mara nyingi huwa mwishoni. Hapo utakuta jina la mchapaji, aina ya karatasi, idadi ya nakala, nambari ya nakala yako na pengine saini ya mchoraji. Chukua riwaya ya Ulysses ya James Joyce, iliyotolewa Marekani na Limited Editions Club, klabu ya vitabu vya nakala chache, mwaka 1935: nakala 1,500 zenye saini ya mchoraji wake, Henri Matisse, lakini 250 hivi tu ndizo zenye saini ya Joyce pia. Bei zake ni mbingu na ardhi. (Na Matisse alichora visa vya Homer, mshairi wa kale wa Ugiriki, si vya riwaya yenyewe! Wapo wanaonuna, kwangu huo ndio utamu wake.)

Hatua ya 2: Hesabu michoro, moja moja, ukilinganisha na orodha ya picha. Kama kitabu hakina orodha, tafuta maelezo ya toleo hilo kwenye katalogi ya maktaba kubwa. Niliwahi kuuziwa kitabu "kizima", nikafika nyumbani picha moja haipo. Nilipopanua kurasa pale zinaposhonwa, nikaona kijipande cha karatasi, chembamba kama ukucha, ukingo wake umenyooka: kazi ya wembe. Picha huenda iko ukutani kwa mtu, ndani ya fremu. Tangu siku hiyo hupitisha kidole kwenye kila mkunjo kabla sijatoa hela.

Hatua ya 3: Jiwekee mpaka wa unachokusanya. Mchoraji mmoja, au riwaya moja iliyochorwa na watu tofauti.

Hatua ya 4: Weka kitabu wima, mbali na jua na unyevu. Ukikitoa rafuni usikivute kwa ncha ya juu ya mgongo. Sukuma ndani vile vya jirani, ukishike ubavuni.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mfuko wangu mwepesi. Nianzie wapi?
Jibu: Tafuta vitabu vya kampuni ya Heritage Press. George Macy, aliyekuwa mwenye Limited Editions Club ile ile, aliianzisha mwaka 1935 kwa wasomaji wa kipato cha kawaida. Saini na nambari utazikosa, ila michoro mara nyingi ni ile ile.

Swali: Changu kina madoa ya kahawia kama kutu. Nipake dawa ya kutoa madoa?
Jibu: Usithubutu, ndugu yangu! Itakula karatasi. Punguza unyevu chumbani, madoa yaache.

Swali: Nisome nikiwa nimevaa glavu?
Jibu: Hapana, dada. Kitambaa kinaua hisia za vidole, na hapo ndipo kurasa huchanika. Nawa, jikaushe, usome.